Ngao Ile ni ya Nani?

Steringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na gari litalipuka akiwa ndani, lakini kabla filamu haijaisha atainuka na kumalizana na adui. Sote tuliokaa kwenye mabenchi ya vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea filamu, tuliijua kanuni hiyo kabla hatujajua kusoma vizuri. Ilikuwa na pacha wake, ambaye hakuna aliyeona haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaza kinyume chake: steringi hageuki adui.

Jumatano ya tarehe 25 Mei 2016, kampuni ya Marvel ya Marekani ilimgeuza. Siku hiyo lilitoka toleo la kwanza la jarida jipya la katuni la Captain America, lililotungwa na Nick Spencer na kuchorwa na Jesús Saiz. Hata wiki tatu zilikuwa hazijapita tangu filamu ya Captain America: Civil War ianze kuonyeshwa Marekani, filamu iliyokuja kuingiza zaidi ya dola bilioni moja duniani kote. Kwa hiyo hata watu ambao hawajawahi kushika jarida la katuni maishani mwao walikuwa wanamjua Steve Rogers, yule askari mwenye ngao ya duara yenye nyota katikati. Kuelekea ukurasa wa mwisho, Steve anamtupa mwenzake nje ya ndege iliyo angani, kisha anatamka salamu ya Hydra, kundi ambalo amelipiga vita tangu lilipobuniwa na Marvel mwaka 1965, na ambalo kwa miaka yote hiyo limechorwa likiwa na damu ya Unazi. Toleo likaishia hapo. Wasomaji wakaachwa wasubiri mwezi mzima.

Hawakusubiri. Wako waliochoma nakala zao na kujirekodi wakizichoma. Wako waliomtumia Spencer vitisho vya kumuua. Chris Evans, mwigizaji aliyekuwa akiivaa nafasi hiyo kwenye sinema, alionyesha mshangao wake hadharani. Wengi wasiosoma katuni waliona kichekesho: watu wazima wanalia kwa sababu ya mtu wa kuchorwa. Mimi sikuona cha kucheka. Naamini hasira ile, ukiondoa vile vitisho ambavyo havina utetezi wa aina yoyote, ilikuwa na hoja nzito kuliko majibu iliyopewa. Naamini pia kwamba ipo hasira nyingine, inayofanana nayo kwa sauti na kelele, ambayo haina hoja hata moja. Kila mara shujaa mkubwa anapobadilishwa, hasira hizo mbili hutupwa kapu moja na kuitwa kwa jina moja, hasira ya mashabiki, kisha kampuni inajibu moja na kujifanya imezijibu zote.

Ili kuitenganisha ya haki na isiyo ya haki, lazima kwanza tujue mhusika huyu alitoka wapi.

Captain America alibuniwa New York na vijana wawili Wayahudi, Joe Simon na Jack Kirby. Kirby alizaliwa akiitwa Jacob Kurtzberg, mtoto wa wahamiaji, akakulia Lower East Side, mtaa wa nyumba zilizobanana ambako watoto walijifunza kupigana barabarani kabla ya kujifunza kazi. Toleo la kwanza liliingia sokoni Desemba 1940. Jalada lake linamwonyesha Captain America akimchapa Hitler ngumi ya taya. Leo picha hiyo inaonekana ya kawaida, kwa sababu leo kila mtu ni adui wa Hitler. Wakati ule Marekani haikuwa vitani. Ingeingia mwaka mmoja baadaye, baada ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor. Wamarekani wengi walitaka nchi yao ikae pembeni. Na hapo hapo New York, Februari 1939, watu wapatao 20,000 walijaa ukumbi wa Madison Square Garden katika mkutano wa Wamarekani wenye asili ya Ujerumani waliokuwa wakiunga mkono Unazi. Simon na Kirby walijua wanachokifanya. Walikuwa wakiwaambia majirani zao kwamba vita hiyo inawahusu.

Toleo lile liliuzwa karibu nakala milioni moja. Vitisho navyo vikaanza kumiminika ofisini, hadi polisi wakawekwa kulinda jengo, na meya wa jiji, Fiorello La Guardia, akapiga simu kuwahakikishia watunzi usalama wao. Miaka michache baadaye Kirby mwenyewe alipelekwa vitani Ulaya kama askari wa miguu. Alirudi hai, lakini baridi ya huko iliiharibu miguu yake kiasi kwamba madaktari walifikiria kuikata.

Kwa hiyo mhusika huyu ana kiapo kilichotangulia kila kitu kingine chake. Kabla hajawa na marafiki, kabla ngao yake haijawa ya duara (ile ya kwanza ilikuwa na pembe), alikuwa tayari amesimama upande mmoja dhidi ya upande mwingine, tena wakati ambapo kusimama huko kulikuwa na gharama. Mtunzi anaweza kumchora mzee, anaweza kumdhoofisha, anaweza kumzika. Kiapo kinabaki. Msomaji wa mwaka 2016 aliyeona Captain America ametoa salamu ya kifashisti hakuwa analalamikia nywele wala rangi ya vazi. Alikuwa anasema, kwa haki kabisa, kwamba watu wawili waliopokea vitisho kwa ajili ya ngumi ile wamesahauliwa, na kwamba sasa ngumi yenyewe inauzwa kinyumenyume.

Marvel ilijibu nini? Mwezi uliofuata, toleo la pili likatoa maelezo. Kuna msichana mdogo aitwaye Kobik, ambaye kwa hakika si mtoto ila ni kipande cha nguvu ya ajabu inayoweza kuiandika dunia upya. Adui mkuu, Red Skull, amemrubuni, naye amebadilisha maisha ya Steve kuanzia utotoni, ikawa kana kwamba alilelewa na Hydra siku zote. Steve hakugeuka, aligeuzwa. Watetezi wa hadithi wakashusha pumzi: mnaona, mlikuwa na pupa, shujaa wenu hana hatia.

Kwangu maelezo hayo ndiyo yaliyoharibu zaidi. Yako maswali makubwa ambayo hadithi ya namna hiyo ingeweza kuyauliza. Mtu mwema anaingiaje kwenye ufashisti? Historia imejaa walimu, makarani, polisi na majirani wema walioingia, hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu iliyoonekana ya busara siku ile. Laiti Spencer angethubutu kutuonyesha Steve Rogers akitembea njia hiyo kwa miguu yake mwenyewe, akichoshwa na siasa, akianza kuona kwamba utaratibu ni bora kuliko uhuru, akimtetea mtu mmoja asiyefaa kutetewa, kisha wa pili, wasomaji wangeumia zaidi. Wangekuwa na haki ya kuumia. Lakini wangekuwa wanasoma kitabu kinachowaheshimu. Badala yake walipewa mshtuko kwenye ukurasa wa mwisho, na mwezi mmoja baadaye wakapewa uchawi unaoufuta mshtuko huo. Ukiondoa hiari ya mtu, umeondoa pia maana ya alichokifanya.

Kisha ukaja mwaka 2017, na hadithi ikakuzwa kuwa tukio kubwa lililoitwa Secret Empire. Kampuni iliwahamasisha wenye maduka ya katuni wayapambe maduka yao kwa nembo ya Hydra, fulana zikiwa miongoni mwa vitu vya kampeni hiyo. Mwenye duka Myahudi, au mwenye duka ambaye babu yake alikufa kambini, alitakiwa aione hiyo kuwa furaha ya kibiashara. Kwenye jarida la bure lililogawiwa mwezi Mei mwaka huo, Steve wa Hydra aliinyanyua nyundo ya Thor, ambayo kwa sheria za hadithi hizi hainyanyuliwi ila na mtu anayestahili. Baadaye ilielezwa kwamba hapo nako palikuwa na hila. Hila juu ya hila. Na tarehe 11 na 12 Agosti 2017, watu halisi wakiwa na mienge na bendera za Wanazi waliandamana katika mji wa Charlottesville, Virginia. Mwanamke mmoja aliuawa pale mmoja wao alipoliendesha gari kwenye umati wa waliowapinga. Toleo la mwisho la Secret Empire, ambamo Steve wa kweli anarudi na kumpiga yule wa uongo, lilitoka tarehe 30 ya mwezi huohuo. Hakuna mtunzi anayeweza kulaumiwa kwa kutotabiri habari za mwezi ujao. Lakini ushindi uliokuja kwa njia ya mtoto mwenye uchawi ulionekana mwepesi sana mbele ya picha zile za usiku wa Charlottesville, na wasomaji waliokuwa wameomba uzito tangu mwanzo walikuwa wameomba jambo la maana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina lile, Secret Empire, lilikuwa limeshatumika kwenye jarida lilelile, na lilitumika vizuri kupita kiasi.

Mwaka 1974 mtunzi wa Captain America alikuwa Steve Englehart, kijana ambaye kabla ya hapo aliondoka jeshini kwa sababu dhamiri yake ilikataa vita. Mchoraji alikuwa Sal Buscema. Marekani ilikuwa imezama kwenye kashfa ya Watergate. Katika hadithi yao, Captain America anaufuatilia mtandao wa siri unaotaka kuipindua nchi, na njia inampeleka hadi ndani ya Ikulu, White House. Anamvua kinyago kiongozi wa mtandao huo. Sisi wasomaji hatuonyeshwi sura, tunaona tu kwamba shujaa amemtambua na kwamba amevunjika moyo. Mtu yule anajiua hapo hapo. Englehart alikuja kusema wazi baadaye kwamba alimkusudia Richard Nixon. Toleo hilo lina tarehe ya Julai 1974. Agosti, Nixon wa kweli akajiuzulu.

Baada ya hapo shujaa anafanya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni usaliti mkubwa kuliko wa mwaka 2016. Anaiacha kazi. Anavua vazi la bendera, anaiweka chini ngao, na baada ya miezi kadhaa anarudi akiwa na jina jingine, Nomad, mtu asiye na nchi. Captain America anaikana Amerika! Lakini sikia jinsi anavyofika huko. Toleo zima analitumia akizungumza na marafiki zake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimpa sababu ya kubaki, naye anawasikiliza kwa makini kisha anakataa. Ni uamuzi wake. Anapourudia wajibu wake mapema mwaka 1975, anaurudia kwa sababu kijana aliyejaribu kuivaa nafasi yake ameuawa na Red Skull, na kwa sababu ameelewa kwamba kumtumikia rais na kuitumikia nchi ni mambo mawili. Hakuna uchawi uliofuta chochote. Miezi ile aliyokuwa Nomad ilibaki kuwa sehemu ya maisha yake, na hadi leo watunzi na wasomaji huitaja kwa heshima.

Kwa hiyo usiniambie kwamba wapenzi wa mashujaa hawa wanachukia mabadiliko. Sisi wenyewe tumeyala mabadiliko makubwa kuliko hayo tena kwa furaha. Kwenye vibanda vyetu mtafsiri aliweza kuvibadilisha vinywa vya wahusika wote. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walimfanya mtu wa Hong Kong au wa Los Angeles azungumze kama kijana wa mtaani kwetu, atukane kwa matusi ya kwetu, adai deni kama tunavyodaiana. Hakuna aliyerusha chupa. Tulijua anayetuhadithia anaongeza chumvi, na tulijua kwamba chini ya maneno yale mapya steringi bado yuko upande uleule.

Sasa niseme kuhusu shabiki mwenyewe, kwa sababu nimemtetea sana na si kila mara anastahili.

Huyohuyo Englehart, miaka miwili kabla ya kumvua shujaa ngao, alikabiliwa na tatizo la kumbukumbu. Mwaka 1954 jarida la Captain America lilifufuliwa kwa muda mfupi, naye akachorwa akiwawinda Wakomunisti kwa hasira zilezile za siasa za wakati huo. Halikuuzika. Mwaka 1964 Stan Lee na Kirby wakamrudisha kwa namna nyingine: alikuwa ameganda kwenye barafu tangu mwisho wa Vita ya Pili ya Dunia. Sasa, kama alikuwa kwenye barafu, yule wa mwaka 1954 alikuwa nani? Wengine wangenyamaza. Mwaka 1972 Englehart akajibu: alikuwa mtu mwingine. Alikuwa msomi aliyempenda Captain America kupita kiasi, akaifanya historia ya shujaa huyo kuwa utafiti wake wa chuo kikuu, akaigundua kwenye nyaraka za Kijerumani kanuni ya dawa iliyompa Steve nguvu zake, akaipa serikali kwa sharti kwamba yeye ndiye awe Captain America. Akapasuliwa uso ili afanane naye. Akachukua jina la Steve Rogers. Kisha dawa aliyoitumia bila ya mionzi ya kuituliza ikamharibu akili, akawa anawaona maadui kila mahali, hasa kwenye nyuso za watu weusi na za wote waliofikiri tofauti naye. Serikali ikamlaza usingizi wa miaka mingi. Alipoamshwa, alikwenda kumsaka Captain America wa kweli, akimwita msaliti.

Soma tena hiyo. Mtu aliyempenda shujaa kuliko wote ndiye aliyegeuka adui yake. Alimkariri, alimwiga, alichukua hata uso wake, na kitu kimoja tu hakukichukua: kile kiapo. Aliupenda ubabe na bendera na ngumi, akadhani ndiye mwenye mali, na mwenye ngao halisi alipomwambia kwamba dunia imebadilika, alimpiga. Sijui kama Englehart alikusudia kuwachora wasomaji wake, lakini kila ninaposikia shabiki akisema shujaa wake ameharibiwa kwa sababu amepewa ngozi nyeusi, namwona mtu yule.

Sam Wilson aliingia kwenye hadithi hizi mwaka 1969, akiwa mmoja wa mashujaa wa kwanza Wamarekani weusi katika majarida makubwa ya katuni. Kwa miaka mingi alikuwa Falcon, mwenza wa Captain America, na kuna kipindi kirefu ambapo majina yao yote mawili yaliandikwa kwenye jalada. Mwaka 2014 Steve anapoteza nguvu za ile dawa, anazeeka ghafla, anampa Sam ngao. Ni mkono kwa mkono, mzee kwa mwenzake aliyepigana naye kwa miongo. Jarida lenye jina la Sam lilipoanza Oktoba 2015, hadithi ya kwanza ilimpeleka mpakani Arizona kupambana na kundi linalowawinda wahamiaji. Watangazaji wa televisheni ya Fox News wakalalamika kwamba shujaa wa taifa anawashambulia wahafidhina.

Uliza swali lilelile nililolitumia kwa Hydra: kiapo kipi kimevunjwa? Mtoto wa wahamiaji wa Lower East Side alimchora mtu anayesimama kati ya wanyonge na wenye chuki. Sam Wilson anasimama hapohapo. Wenye hasira hawakuwa na jibu la swali hilo, ndiyo maana walizungumzia mapokeo, heshima na historia kwa ujumla bila kutaja tukio moja ambalo Sam alitenda kinyume cha Steve. Hasira ya mwaka 2016 iliweza kuonyesha ukurasa. Hasira hii ilionyesha uso wa mtu.

Ilikuwa hivyo pia mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata kabla toleo la kwanza la jarida la Truth halijatoka. Robert Morales na mchoraji Kyle Baker waliuliza swali ambalo kila mtu anayeijua Marekani angepaswa kuuliza: dawa iliyomtengeneza Captain America ilijaribiwa kwa nani? Wakajibu kwamba ilijaribiwa kwa askari weusi, ambao karibu wote walikufa, na aliyebaki, Isaiah Bradley, alilivaa vazi la shujaa, akaenda Ujerumani peke yake, na aliporudi nchi yake ikamfunga jela kisha ikamnyamazisha. Waliitegemeza hadithi yao juu ya jambo la kweli. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende, ikiwaacha bila tiba hata penisilini ilipokuwa inapatikana, ili tu ione ugonjwa unavyokwenda. Waliolalamika walisema Morales anamchafua Captain America. Nimesoma hadithi ile hadi mwisho, na sijaona sehemu ambapo Steve Rogers ni msafi zaidi kuliko pale anapokwenda nyumbani kwa Isaiah, mzee ambaye akili yake imeharibika, na kusimama mbele yake kwa heshima. Historia iliandikwa upya, kama ilivyoandikwa mwaka 2016. Tofauti ni kwamba Morales na Baker waliirudia historia ili waulize nani alilipa gharama.

Wako wasomaji weusi waliokuwa na malalamiko ya haki kuhusu Sam, na hao hawakusikika kabisa kwenye kelele. Walisema kampuni imempa ngao kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa tayari kuichukua. Walikuwa sahihi. Kufikia Mei 2016 Steve alikuwa ameshapewa nguvu zake na jarida lake, Marekani ikawa na Captain America wawili, na baada ya Secret Empire kwisha Sam akarudishwa kuwa Falcon. Ukimweka mtu kwenye kiti na kila mtu anajua anamshikia mwenyewe, umewapa wabaguzi ushindi walioutaka bila wao kutoa jasho.

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo lenyewe. Kampuni imegundua kwamba hasira inauza, na kwamba kufuta kunauza pia. Hata Simon na Kirby walionja biashara hiyo mapema. Waliondoka mwishoni mwa mwaka 1941, baada ya matoleo 10 tu, kwa mgogoro wa mgao wa faida waliyoahidiwa. Simon alipigania haki zake mahakamani mara mbili, na shauri la mwisho likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2003, akiwa ana miaka karibu 90. Mwaka 2009 Disney iliinunua Marvel kwa takriban dola bilioni nne. Waliompa uhai hawakummiliki, wanaompenda hawammiliki, na wanaommiliki hulazimika kumkumbuka kila robo mwaka hesabu zinapofungwa. Katika hali hiyo shabiki hana silaha ila kelele. Namwelewa. Namwomba tu azielekeze kelele hizo kwa wenye mali, na amwache mtunzi wa kulipwa kwa kurasa na mwigizaji aliyeajiriwa, ambao ndio wanaopokea vitisho.

Upande wetu wa dunia ulipata sehemu yake ya mjadala huu kupitia T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye Black Panther, yaani Chui. Februari 2018 filamu ya Black Panther ilizinduliwa Kisumu, nyumbani kwa ukoo wa Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, wakati baba yake Lupita, Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa gavana. Watu walikwenda wamevaa kama wanaokwenda harusini. Chadwick Boseman, aliyemwigiza T'Challa, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na miaka 43, na waliotengeneza filamu wakaamua kutomtafuta mwigizaji mwingine. Mwaka 2022, katika Wakanda Forever, T'Challa naye akazikwa, na dada yake Shuri akaivaa nafasi ya Chui. Safari hii mashabiki wengi waliomba kinyume cha kawaida. Waliomba abadilishwe mwigizaji ili mhusika aishi. Walikusanya saini, wakisema watoto wao wanamhitaji mfalme huyo.

Nilivutwa pande zote mbili, na bado sijatulia kabisa. Kwa kipimo cha kiapo, Shuri ni halali: Chui ni kiti cha enzi kinachorithiwa tangu enzi za mababu wa Wakanda. Ila kuna kipimo kingine, cha uchache. Mwaka 1992 Superman aliuawa kwenye jarida lake, magazeti yakaandika tanzia, mamilioni ya nakala yakauzwa, na mtoto wa Kizungu aliyesikitika alikuwa na mashujaa wengine mia wa kumfuta machozi hadi mwenyewe alipofufuliwa. Mtoto wa Kisumu alikuwa na mmoja. Wale waliosaini ombi hawakuwa wagumu wa kukubali mabadiliko, walikuwa wanahesabu walichobaki nacho. Ningekuwa mimi mwenye uamuzi, ningemzika Boseman kwa heshima zote nilizoziona kwenye filamu ile, kisha baada ya miaka michache ningemtafuta T'Challa mwingine.

Kwenye sinema, Sam Wilson aliipokea ngao mwaka 2019, mwishoni mwa Avengers: Endgame, kutoka kwa Steve aliyezeeka. Tamthilia ya mwaka 2021 ilimpeleka kwa Isaiah Bradley, na mzee yule, ambaye wenye hasira wa wakati wa Truth hawakutaka azaliwe, akamwambia usoni kwa nini mtu mweusi mwenye kujiheshimu hapaswi kuibeba. Sam akaibeba, akijua. Hakunywa dawa. Februari 2025 alipata filamu yake mwenyewe, Captain America: Brave New World, na lalamiko lililosikika sana ni lile la nguvu: huyu ni binadamu wa kawaida, akipigwa anaumia, atawezaje kusimama mbele ya majitu? Lalamiko hilo napenda kulijadili na yeyote, kwa sababu angalau linahusu hadithi. Jibu langu ni kwamba Steve Rogers alichaguliwa kupewa dawa kwa sababu ya vile alivyokuwa kabla ya kuinywa, kijana mwembamba wa kuugua aliyekataa kukimbia. Sam amebaki pale ambapo Steve alianzia. Sasa nataka kampuni imwache. Asirudishwe Falcon mauzo yakishuka kidogo, asiletewe mtoto mwenye uchawi, asishikiwe ngao na mwingine kwenye filamu ijayo ili sisi tukasirike kisha tununue tiketi ya kuona anarudishiwa. Apewe miaka, apewe hadithi mbovu na hadithi nzuri, akosee, aamue, azeeke nayo ile ngao mkononi kama alivyoruhusiwa mwenzake.